Kivuli cha Tochi

Tochi yangu ya bluu, yenye alama za meno kitakoni
(naibana mdomoni mikono ikizidiwa),
ilikutwa asubuhi ndani ya mkia wa ndege,
imejilaza kwenye waya wa usukani
kama paka aliyepata pa joto.

Rubani Mansilla aliigundua kwa mguu.
Kabla ya kuruka alikanyaga pedali ya kushoto;
ikaenda nusu, ikagoma.
Akazima injini. Abiria saba wakateremka,
mmoja amekumbatia keki ya harusi ya kupelekwa Porvenir,
na upepo wa Punta Arenas, usiojua harusi wala msiba,
ukaing'oa karatasi ya juu, ikapaa.
Hiyo tu ndiyo iliyoruka asubuhi ile.

Mimi nilikuwa dirishani. Nilijua
kabla ya akili kujua: ulimi
ulianza kuonja plastiki.

Saa nane usiku nilikuwa mkiani humo hadi mabegani.
Simu ikaita: mtoto, homa, digrii arobaini.
Nikajichomoa. Barría akashika zamu,
akakuta kifuniko, akakuta skrubu sita kikombeni,
akafunga. Angefanyaje?
Tundu lililo wazi huomba kufungwa.

Mkurugenzi alikuja kutoka Santiago, kwa ndege (si yetu),
akiwa na neno moja: Nani?
Herufi nne. Hazijawahi kukaza skrubu.
Nikainua mkono. Ulikuwa mzito kama si wangu.
Akafungua kalamu.
Lakini Edelmira Oyarzo, mkuu wa karakana,
mwenye sauti ya msasa na viatu vya marehemu mumewe,
akasema: "Jina tumelipata.
Kosa lenyewe bado. Kaa, bwana, tulitafute."

Akauliza tochi huishi wapi.
Mfukoni.
Mfuko wa nani? Na nani huuhesabu?
Spana zetu zina ubao, kila moja na kivuli chake
cha rangi ya manjano; ikikosekana moja,
ubao hupiga kelele bila mdomo.
Tochi twajinunulia wenyewe, kwa wachuuzi wa bandarini.
Hazina kivuli. Zikipotea, hazikuwahi kuwepo.

Kimya. Kuni zikaalika jikoni.
Ndipo Barría, miaka thelathini na mmoja kazini:
"Koleo. Baridi ya mwaka juzi. Nililikuta bawani.
Nikalificha, mwenyewe asije akafukuzwa."
Upande wa pili wa meza Cárcamo akawa mwekundu hadi masikio.
"La mpini wa kijani?"
"La mpini wa kijani."
Miaka miwili alikuwa akilitafuta, akimshuku shemeji yake.

Tukacheka, kisha hatukucheka. Yakatoka mengine:
kitambaa, kifuniko cha kalamu, pete ya ndoa.

Tumelelewa tukiambiwa kosa ni kurudia kosa.
Basi sisi tulikuwa tunarudia au tunaanza,
ikiwa kila mmoja alilitenda mara yake ya kwanza,
peke yake, gizani,
akalizika, akasawazisha udongo?

Jumamosi nilipewa brashi. Nikachora tochi ubaoni.
Mkono ulitetemeka, kivuli kikatoka kinene, kimepinda,
kama kiazi. Nilitaka kukifuta.
Edelmira akakataa: "Kiache. Vijana watauliza,
nawe utawajibu."

Wanauliza. Nawajibu. Siku nyingine nafupisha.

Na Mansilla, kila asubuhi kabla ya kuruka,
hukanyaga pedali ya kushoto mara mbili,
akinitazama kupitia kioo.
Zamani mara moja ilimtosha.
Nami naupapasa mfuko wa kifuani, mtupu,
nampungia.